Hesabu Kura Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Mume wangu amenipa daftari hili. Anasema tangu watoto waondoke nimeanza kubishana na masufuria. "Andika, wakili wangu," ameniambia, "sufuria haina majibu." Haya, naandika.

Muhula umeanza leo na mvua imeanza nao, ile ya kuloweka viatu kabla hujafika getini. Darasa la mwaka wa mwisho limejaa mpaka madirishani. Nimewafundisha lile ninalofundisha kila siku ya kwanza: ukishika hukumu ya majaji wengi, usikimbilie maneno matamu. Hesabu kura kwanza. Nani kasema nini, nani kaungana na nani, na nani angegeuka mambo yangekuwaje. Ndipo usome hoja. Wote wakainama kuandika. Wananiita Mama Katiba wakidhani sijui. Najua, na jina lenyewe nalipenda kuliko inavyofaa kwa mtu wa umri wangu.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mabweni hayana maji tangu Jumapili. Tangi letu nyumbani limejaa mpaka linamwagika.

Ijumaa, 8 Machi

Leo wanafunzi wameandamana na ndoo. Wamezipanga kwenye ngazi zote za jengo la utawala, ndoo tupu mamia, na mvua ikawa inazijaza mbele ya macho ya wakubwa. Aliyeongoza ni binti wa darasa langu anayeitwa Kipaza, kwa sababu sauti yake haihitaji kipaza sauti. Walinzi walitaka kufunga mlango mkubwa, wanafunzi wakausukuma, kioo kikavunjika. Nani hasa alikivunja hakuna anayejua.

Mimi nilikuwa dirishani ghorofa ya pili na machozi yananilengalenga. Nilijisemea, hawa ni kazi ya mikono yangu. Haki ya kukusanyika nimeifundisha maisha yangu yote, leo nimeiona ina miguu. Nilitaka kushuka nikasimame nao, lakini mvua ilikuwa kali mno.

Alhamisi, 14 Machi

Kipaza ameshtakiwa kwenye kamati ya nidhamu: kuongoza mkusanyiko bila kibali, na uharibifu wa mali. Kamati ni watu watano, na mmoja wao ni mimi. Mwenyekiti ni Msajili wa chuo. Wengine ni mlezi wa wanafunzi, mkuu wa idara ya uhandisi ambaye sote tunamwita Mhandisi, na daktari wa zahanati ya chuo.

Mwenzangu wa ofisi ya jirani kaniambia nijitoe, maana ni mwanafunzi wangu. Nikamjibu kwamba kila anayedhulumiwa ni mwanafunzi wangu. Nilivyotoka mlangoni kwake nilikuwa natabasamu. Nilifurahia jibu langu njia nzima.

Jumanne, 19 Machi

Kipaza alikuja ofisini. Alisimama, hakutaka kukaa, mwavuli wake unachuruzika kwenye zulia.

"Shikamoo, Profesa. Nitafukuzwa?"

"Marahaba. Unajua siwezi kuzungumzia shauri ambalo nitalisikiliza."

"Najua. Nimeuliza tu, roho haitulii."

Nikamwambia asiogope, kwamba shauri lake linagusa jambo kubwa, kwamba halijawahi kuamuliwa vizuri hapa chuoni, na huenda likasomwa na watu ambao bado hawajazaliwa. Nilipamba moto. Nilimpa na makala mbili akasome.

Alizishika zile makala kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. Akasema, "Profesa, mimi sitaki kuingia kwenye historia. Nataka kumaliza shule."

Nilicheka. Nimeandika maneno yake hapa kwa sababu niliyaona ya kuchekesha.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Maji yamerudi mabwenini kwa saa chache, yakakatika tena.

Jumatano, 27 Machi

Shauri limesikilizwa leo, katika kile chumba chenye meza ndefu na feni inayolia. Kipaza alikaa peke yake upande wa pili, amevaa gauni la kijivu lililopigwa pasi vizuri sana. Mama yake ni fundi cherehani, na ilionekana.

Msajili ni mtu wa maneno machache. "Ulikuwa na kibali?"

"Tuliomba wiki mbili kabla, mheshimiwa. Hatukujibiwa."

"Nimeuliza kama ulikuwa nacho."

"Sikuwa nacho."

Hapo nikaona nafasi yangu. Nikamuuliza taratibu, kama ninavyouliza darasani, iwapo kwa maoni yake haki ya kukusanyika inamhitaji mtu aombe ruhusa. Nilikuwa nimemwekea jibu mezani, kazi yake kulichukua tu. Akasema, "Profesa, kwa kweli siku ile nilichokuwa nawaza ni kwamba nanuka." Daktari akaangua kicheko, hata Msajili midomo ikamcheza. Kisha akaongeza, "Kuhusu kioo naomba radhi. Hatukukusudia."

Nilitamani asiombe radhi. Ilinivurugia hoja.

Alhamisi, 28 Machi

Nataka kuandika kila kitu vile kilivyotokea.

Kabla ya kikao cha uamuzi Mhandisi alinisubiri kwenye korido, karibu na lile dirisha linalovuja. Ni mtu mpole, tumefahamiana tangu tukiwa walimu wapya. Akanivuta kando.

"Profesa, sikiliza. Msajili na Mlezi wanataka afukuzwe. Mimi na Daktari tunasema hapana, asimamishwe muhula mmoja tu, apewe onyo, arudi amalize. Ukija upande wetu tunakuwa watatu. Imekwisha."

"Na uamuzi wenyewe utasema nini?"

"Utasema ana hatia. Si alikubali mwenyewe hakuwa na kibali?"

"Utasema kukusanyika bila kibali ni kosa."

"Basi utasema hivyo. Ni karatasi, jamani."

Nikamwambia jina langu haliwezi kukaa chini ya sentensi ile. Kwamba nimetumia maisha yangu kuipinga. Akaniuliza, "Sasa ukibaki peke yako?" Nikasema nitaandika maoni ya kutokubaliana, kama afanyavyo jaji anayepingana na wenzake ili watu wa baadaye waje wasome. Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akasema, "Haya, mama," akaingia ndani.

Kuna jambo sikumwambia. Maoni hayo nilikuwa nimeshaanza kuyaandika tangu Jumapili. Sentensi ya kwanza ilikuwa mfukoni: *Ndoo tupu ni hoja ambayo chuo hiki kimeshindwa kuijibu.* Niliipenda sana sentensi ile.

Kura zikapigwa. Wawili afukuzwe. Wawili asimamishwe. Mmoja, mimi, hana hatia. Wawili kwa wawili, na kanuni inampa mwenyekiti kura ya uamuzi. Msajili akaitumia bila hata kuvua miwani.

Kipaza amefukuzwa chuo. Nimerudi nyumbani nikaandika mpaka chakula kikapoa. Nina hasira, lakini mikono yangu ni safi.

Jumanne, 2 Aprili

Maoni yangu yamevuja. (Nani kayavujisha? Niliacha nakala tatu kwenye chumba cha walimu. Basi.) Leo nilipoingia darasani wanafunzi wote walisimama wakapiga makofi. Makofi marefu. Niliwaambia wakae, kwa sauti ambayo haikuwa na haraka.

Ijumaa, 5 Aprili

Mhariri wa jarida la sheria amepiga simu, anataka kuyachapisha yote bila kukata neno. Chama cha mawakili nacho kinataka nikatoe hotuba. Mume wangu ameniuliza kama kofia bado zinanienea.

Jumatatu, 8 Aprili

Aibu ina sauti yake. Leo ilikuwa sauti ya chaki.

Nilifikiri litakuwa jambo zuri kuyasoma maoni yangu darasani kama somo. Kuna kijana mmoja mtaratibu anakaa mbele, haongei mpaka kipindi kinakaribia kwisha, wenzake wanamwita Swali la Mwisho. Nikamwita ubaoni atuchambulie. Sikumpa maelekezo. Sikuhitaji.

Akashika chaki, akafanya nilivyomfundisha. Hakugusa ndoo tupu wala hoja. Alikwenda aya ya pili, ambako mimi mwenyewe, kwa kujivunia usahihi wangu, nimeeleza nani alipiga kura gani. Akaandika: wawili, wawili, mmoja. Akachora mstari. Akasimama pale kitambo, mgongo kwetu.

Kisha akageuka. "Profesa, hii ya mmoja... ingehamia hapa katikati, asingefukuzwa?"

Hakuwa na ubaya wowote. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Nikasikia mvua juu ya bati la karakana kule nje, na feni, na kalamu ya mtu ikidondoka. Wote walikuwa wanatazama ubao, na mmoja mmoja wakaanza kunitazama mimi.

Nikasema, "Ndiyo."

"Alaa," akasema. Akarudi kukaa. Hakufuta.

Nikafuta mimi. Nilifuta muda mrefu, maana sikuwa na uso wa kugeuka nao. Kile kiti cha Kipaza safu ya tatu hakuna aliyekikalia.

Jumanne, 9 Aprili

Sikwenda kazini. Nimesema kichwa kinauma.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimemweleza mume wangu. Nilianza kwa kanuni, nikaenda kwenye misingi, nikamweleza kwamba uamuzi mbaya uliopigiwa kura na watu wema ni hatari kuliko uliopigiwa na wabaya, kwa sababu hakuna anayeushtukia. Yote ni kweli. Naweza kuyatetea mbele ya jopo lolote.

Aliniacha nimalize. Akasema, "Ungesema tu ulikosea, chai isingepoa."

Nikakasirika, nikamwambia hajui lolote kuhusu sheria. Akasema hilo ni kweli, akaondoa vikombe.

Nimekaa hapa nimeloa jasho. Haikuwa kanuni. Kanuni ilikuwepo, ndiyo, lakini ningeweza kuunga mkono asimamishwe halafu nikaongeza ukurasa wangu wa kueleza kwamba sikubaliani na sababu. Majaji hufanya hivyo kila siku, na mimi ndiye ninayefundisha wanavyofanya. Nilijua njia hiyo ipo. Sikuichukua kwa sababu maoni ya aina hiyo hayapigiwi makofi. Mtoto wa watu nimemtosa kwa ajili ya sentensi.

Jumatano, 17 Aprili

Mama yake Kipaza amekuja.

Aliletwa mpaka mlangoni na karani. Mwanamke mwembamba, sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi, bila shaka alizisahau pale akitoka kazini. Nilisimama nikijua kimenifika. Nilikuwa tayari kutukanwa. Nadhani nilikuwa natamani kutukanwa.

Akanishika mikono yote miwili.

"Mwalimu, mimi sikusoma sana, lakini nimesomewa ulichoandika. Nimesomewa mara mbili. Watu watano wamekaa kumhukumu mwanangu, mtu mmoja tu akasimama naye. Mmoja! Mungu akuweke."

Nikasema, "Mama, ngoja."

"Usiseme kitu. Najua ulifanya ulichoweza."

"Hapana, mama, sikiliza..."

"Baba yake alipofariki ndugu zake mwenyewe hawakusimama namna hiyo." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja, akacheka kwa kujionea haya. "Nimekuja kusema ahsante tu. Sina la zaidi."

Ilikuwa sentensi moja tu ya kumwambia. Mimi ninayeweza kuongea saa mbili bila karatasi. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Karibu, mama." Nikamsindikiza mpaka ngazini chini ya mwavuli wangu. Akaniombea dua njia nzima.

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, ilikuwa tope tu.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekwenda kwa Mhandisi mwenyewe, ofisini kwake, bila kumpigia simu kwanza. Alikuwa anakula mkate juu ya ramani za mfereji.

"Mwezi uliopita nilikufuata mimi," akasema. "Karibu."

Nikamwambia nimeisoma kanuni ya rufaa. Baraza la chuo linaweza kupunguza adhabu endapo wajumbe watatu wa kamati wataomba kwa maandishi, maoni yao yakiwa mamoja. Nikamwambia nataka kuwa wa tatu.

Akaweka mkate chini. "Mamoja, Profesa. Unajua maana yake? Utasema ana hatia. Na lile andiko lako litoke kwenye faili."

"Najua."

"Na jaridani?"

"Nitaliondoa."

Akakunja ramani moja. Kisha akasema kuna tatizo. Daktari keshaudhika. Anasema niliwaacha wakaonekana wajinga mbele ya chuo kizima huku mimi nikipigiwa makofi. Muhula mmoja hautaki tena, atasaini kwa mwaka mzima tu.

Yaani mwezi Machi ilikuwa muhula mmoja. Kuchelewa kwangu kumemwongezea yule binti miezi mingine, naye hata hajui.

"Nenda kamwombe mwenyewe," Mhandisi akasema. Nilikwenda zahanati. Nikapanga foleni na wanafunzi wenye mafua. Daktari alinisikiliza, akanionea huruma kidogo, lakini mwaka ukabaki mwaka.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimetia sahihi. Msajili alinisomea ile sentensi kwa sauti, polepole, ingawa kanuni haimtaki kusoma: *kukusanyika bila kibali ni kosa.* Akaniuliza kama nimeielewa. Nikasema nimeielewa.

Mhariri wa jarida amenikatia simu.

Ijumaa, 3 Mei

Baraza limekubali. Kipaza amesimamishwa mwaka badala ya kufukuzwa. Atarudi, atamaliza.

Chuo kizima kimejua nilichosaini, sababu haijulikani. Wapo wanaosema nimetishwa, wapo wanaosema naahidiwa cheo. Mlangoni kwangu mtu ameandika kwa kalamu nene: MAMA KIBALI. Lazima nikiri ni jina zuri. Karani alikuja na kitambaa na spiriti, nikamwambia aache.

Ningeweza kuwaeleza darasani. Nimeianza hotuba hiyo kichwani mara kadhaa, na kila mara nasikia inaanza kuwa nzuri, najikosha kwa ufundi. Basi nimenyamaza. Leo nimefundisha mikataba ya haki za wafungwa. Swali la Mwisho hakuuliza kitu.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua imepungua.

Jumamosi, 11 Mei

Nimekwenda nyumbani kwa kina Kipaza. Nilimwambia mume wangu, safari hii naenda kusema, hata iweje. Akanifungia kifungo cha koti akaniambia niseme mapema, kabla sijaanza kufikiri.

Ni nyumba ya vyumba viwili. Cherehani iko sebuleni karibu na dirisha, na sare za shule za bluu zimerundikwa mpaka kwenye kochi. Kipaza alikuwa sakafuni anapinda marinda, pini mdomoni. Mama yake alipiga kelele ya furaha, akanipangusia kiti, akakimbilia jikoni kuchemsha chai. Tukabaki wawili.

Nikasema, mapema. "Kura yangu ndiyo iliyokufukuzisha. Ningeungana na Mhandisi ungesimamishwa muhula mmoja. Nilijua wakati napiga. Nilitaka kuandika yale maoni."

Alitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Najua," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nilipopata nakala nilihesabu kura kwanza." Hakusema kwa kunikejeli. Ndivyo alivyofundishwa.

"Tangu mwanzo?"

"Siku ile ile."

"Basi mama yako alipokuja ofisini kwangu kunishukuru..."

"Nilijua anakuja. Nilimsindikiza mpaka kituoni."

Nilishindwa kumtazama. Nikatazama sare, nikatazama chaki ya bluu sakafuni. Nikamuuliza mbona hakumwambia.

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Ningemwambia nini? Nilipofukuzwa hakula siku tatu, Profesa. Alikuwa akiwaambia majirani, mwanangu hakutakwa na hata mmoja. Halafu ikaja ile karatasi yako, akala. Akawa anawaambia, alikuwepo mmoja." Akanyoosha rinda juu ya goti lake. "Sikuona sababu ya kumnyang'anya."

"Na wewe?"

"Mimi nina hasira," akasema, kwa sauti ile ile ya chini. "Mwaka ni mwaka. Lakini hiyo ni yangu na wewe."

Nikamwambia nitamweleza mama yake leo, sasa hivi, akirudi na chai. Kwamba nimekuja kwa hilo. Kwamba siwezi kuendelea kupokea shukrani ambazo si zangu.

"Ukishamweleza wewe utalala vizuri," akasema. "Na yeye?"

Mama akaingia na sinia. Vikombe vitatu, mkate umekatwa vipande vinene, mayai. Akanipa mimi kikombe kwanza, akaweka mkono begani kwangu, akamwambia binti yake, kana kwamba binti hakuwepo siku zote hizi, "Mwangalie huyu vizuri. Watu watano walikaa, huyu peke yake ndiye aliyesimama na wewe. Usije ukamsahau."

Nikamtazama Kipaza. Akatikisa kichwa kidogo tu, mara moja, kuniambia hapana.

"Siwezi kumsahau, mama," akasema.

Mama akanisogezea mkate. "Kula, mwalimu. Umekuja kutoka mbali." Nikasema ahsante, nikala.